Kidole Kwanza, Maji Baadaye

Mtaa mzima ulimwita Cherehani, na usidhani ni kwa sababu alishona. Hata kifungo hajui kushona. Walimwita hivyo kwa ajili ya miguu yake, ambayo haikutulia hata akiwa amekaa, na mikono nayo vilevile. Akipanda mchicha leo, kesho anafukua aone kama umeota. Akiinjika sufuria, kifuniko atakifunua mara kumi. Mumewe, fundi baiskeli wa pale njia panda, alizoea kusema kwamba mkewe angeweza kusumbua hata jiwe.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kulea kitalu cha nyanya cha kikundi cha wakulima wa mtaa. Loo! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi shamba, msichana mwembamba aliyevaa buti kubwa kuliko yeye, alikuwa amewafundisha wiki tatu nzima: tuta liinuliwe, mbegu zikae kwa mistari, juu yatandazwe majani makavu. Alipofika kwenye maji akawakazia macho.

"Kidole kwanza, maji baadaye. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, geuza urudi nyumbani."

"Na anayeshindwa kurudi?" akauliza mmoja, huku akimtupia Cherehani jicho la pembeni.

Cherehani hakucheka, maana alikuwa na lake moyoni. Kitalu kilikuwa kwenye kipande cha shamba lao, yeye na mumewe, kule bondeni, na shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa anakitolea macho kipande hicho ili afyatue matofali. Kalibu zake za mbao alishazileta, kazipanga ukingoni bila hata kuona haya. Mume hapendi ugomvi, kwa hiyo akakata shauri: Cherehani akikifanikisha kitalu, bonde ni la mboga, akishindwa, mdogo wake achimbe. Na shamba likishachimbwa udongo wa matofali, hubaki mashimo, basi. Miaka kumi na moja ya samadi aliyoibeba kichwani ingeishia kwenye tanuru.

Ikambidi atulie. Jamani, mateso gani yale! Kila asubuhi alishuka bondeni, akachomeka kidole, akakuta unyevu, akaacha. Kisha akaigeuza ndoo chini juu, akaikalia, mikono kaibana chini ya mapaja isije ikamponza. Alitamani kung'oa mche mmoja tu aone mizizi. Alitamani kumwaga hata kikombe kimoja. Hakufanya hivyo. Siku ya tatu unyevu upo, ya nne upo, ya tano bado upo! Akasema kumbe haya majani makavu si mchezo, akamshukuru bibi shamba kimoyomoyo. Mchana alikwenda sokoni kuuza mboga zake kama kawaida, na jioni mumewe akimuuliza habari za kitalu, alijibu kwa fahari:

"Wala sijakigusa."

Mume alimtazama tu, akaendelea kula.

Wiki ya tatu miche ikaanza kulala. Ilianza mitano, ikawa mstari, kisha nusu ya tuta ikalala chini, shina limelegea pale linapogusana na udongo. Cherehani hakupata usingizi. Jumamosi kikundi kikaja, mume naye akafunga kibanda akafuatana nao, na shemeji hakukosa. Bibi shamba alipiga magoti, akachomoa mche mmoja, akauonyesha ulivyooza chini.

"Kinyausi," akasema. "Ugonjwa wa kuozesha miche. Maji yamezidi."

Macho yote yakamgeukia Cherehani.

"Sijamwaga mimi! Tangu miche iote nimemwagilia mara moja tu!"

"Cherehani na kutulia, wapi na wapi," mtu akasema, na wengine wakaangua kicheko.

Hapo machozi yakamtoka, na yalikuwa ya hasira. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa ametulia, na hakuna hata mmoja aliyemwamini. Shemeji akasogea akiwa na sura ya msiba ya kuazima.

"Pole, shemeji. Basi kesho naja na majembe."

"Majembe ya nini?" mume akauliza. Mikono yake ilikuwa bado na grisi, akaifuta kwenye suruali, akairudia kuifuta. "Maji nimemwaga mimi. Kila mchana akienda sokoni, nakuja na ndoo mbili."

Bibi shamba akauangusha ule mche aliokuwa ameushika.

"Kwa nini, baba watoto?" Cherehani akauliza.

"Nilipita nikakuona umekaa. Miaka yote hii sijawahi kukuona umekaa! Nikajua mwenzangu amekata tamaa, bonde ndiyo linakwenda hivyo. Nikasema nipambane mwenyewe."

Cherehani alitaka kumpiga, na papo hapo alitaka kumkumbatia. Mbele ya watu hakufanya lolote.

"Si ungeniuliza!"

"Na wewe si ungeniambia!" Kisha akamgeukia mdogo wake. "Chukua kalibu zako. Nilisema yeye akishindwa. Hakushindwa yeye, nimeharibu mimi."

Shemeji alinung'unika, lakini alizibeba. Bibi shamba akatoa pakiti ya mbegu mfukoni. Ilikuwa imebaki nusu.

"Tuta jipya, mahali pengine," akasema. "Na safari hii wa kufundishwa ni wawili."

Siku hizi wanashuka pamoja asubuhi, kila mmoja na ndoo yake. Fundi anachomeka kidole chake cheusi cha grisi.

"Unyevu upo."

"Una hakika?"

"Chomeka na wewe."

Cherehani anachomeka. Upo. Wanageuza ndoo zote mbili chini juu, wanazikalia, mguu wa Cherehani ukitikisika vilevile. Juzi, hata robo saa haijapita, fundi alipumua kwa nguvu, akajikuna shingo, akainuka, akakaa tena.

"Aisee, kumbe kukaa ni kazi."

"Eh," akasema mkewe. "Ndiyo kazi niliyokuwa naifanya uliponiona."