Vibati Arobaini vya Lambo

Siku yangu ya kwanza kazini, upande wa Bunda, nilikabidhiwa tepu, nyundo na kopo la vibati vya namba. Mhifadhi wa kituo, mtu asiyependa maswali, alinipeleka kwenye lambo jipya, yaani bwawa lililochimbwa kwa katapila ili wanyama wapate maji ya kiangazi. Tulipigilia vibati kwenye migunga arobaini, namba moja ikiwa ukingoni kabisa mwa maji. Kazi yangu ilikuwa kuipima kila mwaka unene na hali ya gome. Nilijiona mtaalamu. Vijana mnaosoma haya, jihadharini na hisia hiyo.

Zamani kiangazi kikikaza, tembo walifuata mito ya mbali na miti ikapumzika. Lambo likawafanya wakae. Wakishakunywa, wanamenya magome. Na mgunga uliomenywa pande zote hufa umesimama. Mwaka wa pili namba moja, tatu na tisa zilikuwa chini. Nikapeleka fomu yenye mapengo.

"Magesa, fomu ya hivi Musoma wanairudishaga," alisema Mhifadhi. "Mti ukianguka, kibati chake pigilia kwenye wa jirani."

"Lakini mkuu, huo si mti mwingine?"

"Mgunga ni mgunga tu. Ama mnafahamiana?"

Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Nikang'oa vibati kwenye magogo, nikavihamishia kwenye miti mizima. Nilifanya hivyo chini ya wahifadhi wanne. Kila mwaka mti wa jirani ulikuwa mbali zaidi, na mwishoni nikipima namba moja, lambo silioni.

Nilistaafu kwa keki na saa ya ukutani. Nikatulia kijijini, mpakani mwa pori, ambako mke wangu anatundika mizinga ya nyuki kwenye migunga ya kilimani.

Mwezi huu afisa mpya, binti mchangamfu, ametuitia mkutano. Lambo la pili litachimbwa chini ya kilima hicho.

"Msiwe na wasiwasi kuhusu miti," alisema. "Lambo la kwanza lina kumbukumbu za miaka yote. Miti arobaini, haijapungua hata mmoja. Kazi ya mzee wetu Magesa hii!"

Nikapigiwa makofi. Mke wangu alipiga kuliko wote. Mimi mikono yangu nikaikalia.

Aibu nilikuwa nayo, lakini hofu ilizidi, maana katapila lilikuwa limeshafika. Asubuhi yake nilimfuata yule binti, nikamwomba anipeleke kwenye lambo la zamani na fomu zake. Tukasimama ukingoni. Akafungua faili, akatazama huku na huku kwenye vumbi.

"Mzee, hapa wameandika namba moja iko ukingoni. Iko wapi?"

"Twende, mwanangu," nikamwambia. "Ni mbali."