Nilikwenda Masasi Kuiacha Miwani

Nimevaa miwani tangu darasa la saba, na mwaka huu niliichoka. Darasani inateleza kwa jasho, shambani ndiyo balaa kabisa. Niliposikia kwamba madaktari wa macho kutoka mjini watakaa Masasi siku mbili, wakipima watu wanaofaa kufanyiwa upasuaji wa leza, niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Mke wangu, Mama Somoe, anayetunga uzi kwenye sindano bila hata kukunja uso, aliniuliza kama ni kweli watu wanachomwa mwanga machoni halafu wanaona. Nikamjibu kama mtaalamu, ingawa yote niliyoyajua niliyasoma kwenye simu.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Mnyambe kwa bodaboda. Ilikuwa Julai, mwezi wa kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga. Mashine zilinguruma mashambani na vumbi la njano lilitanda hadi barabarani. Macho yakaanza kuniwasha kabla hatujafika Newala mjini, nikavua miwani na kuyafikicha kwa kiganja, kama tunavyofanya wote huku.

Saa mbili basi liliondoka Newala. Tuliteremka mlima, tukapita Chiungutwa, na baadaye milima ya mawe ya Masasi ikajitokeza mbele. Nilivua miwani kujaribu, milima ikapotea. Nikajiambia kwamba safari nyingine nitaihesabu kwa macho matupu.

Kituoni Masasi nilipokewa na mdogo wangu, Mama Zuhura.

"Shikamoo kaka. Naona leo ndiyo unaizika miwani."

"Marahaba. Tafuta sanda," nikamjibu, tukacheka.

Saa saba mchana nilikaa mbele ya daktari, dada wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Aliniamkia, akaniambia niweke kidevu kwenye mashine, akapiga picha za macho. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mwalimu, una tabia ya kufikicha macho?"

"Hapana, daktari."

"Mbona unayafikicha sasa hivi?"

Nikateremsha mkono. Ikabidi nimweleze habari za korosho na salfa. Akauliza kama huwa navaa miwani ninapopulizia.

"Naivua, naiweka mfukoni. Salfa inachubua vioo."

Hakucheka. "Leza inapunguza kioo cha mbele cha jicho ili kikae sawa," alisema. "Chako kimeshakuwa chembamba, na kimeanza kuchongoka. Kufikicha kunakizidishia. Nikikipunguza tena nitakuharibia. Na ukiendelea hivyo, mwalimu, itafika siku hata miwani haitakusaidia."

Niliona aibu, kisha nikaogopa sana. Miaka yote hiyo nilikuwa nakinga vioo vya dukani, vile nilivyozaliwa navyo nikaviacha wazi. Nilifikiria madaftari ya wanafunzi na maandishi yangu mwenyewe ubaoni nisiyoweza kuyasoma. Daktari alisema leza tuisahau, nirudi kupimwa baada ya miezi sita. Shambani nivae miwani ya kufunika hadi pembeni, na macho yakiwasha niyaoshe kwa maji safi.

"Kwetu maji hufuatwa mbali, daktari."

"Basi kila siku tenga kikombe kimoja cha macho."

Kesho yake saa moja asubuhi nilipanda basi la kurudi, miwani ikiwa usoni. Niliitazama milima mpaka ikabaki nyuma. Tulipoanza kupanda kuelekea Newala macho yakaniwasha, nikakalia mikono. Jirani yangu kwenye kiti aliniuliza kama nasikia baridi.

Saa tano nilifika nyumbani. Mama Somoe alikuwa ndiyo kwanza anatoka shambani. Hakutaka salfa isubiri safari yangu, akapulizia mwenyewe. Kope zake zilikuwa za njano. Alinitazama usoni.

"Baba Somoe, si ulikwenda kuiacha hiyo?"

Kabla sijajibu alishika ncha ya kanga, akaipeleka machoni kujifikicha. Nilimdaka mkono. Alishangaa, maana si kawaida yangu. Kumbe nilikuwa nimeyaogopea macho yangu tu.

"Usifikiche," nikamwambia. "Kaa hapo, uinue uso."

Nikaingia ndani kuchota kikombe cha maji.