Kitambaa cha Mashine Kuukuu

Shemeji alimwita Mama Pacha mjinga mbele ya watu saba, mchana kweupe, kwenye duka la mama huyo mwenyewe. Hilo ndilo kosa, na lisemwe kwanza kabla ya mengine.

Mama Pacha hakukaa sana darasani. Alitolewa shule mapema akalee wadogo zake, na herufi alikuja kuzijua ukubwani, kwenye kibodi, baada ya kuolewa na mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala. Mpaka leo ukimwomba akutajie alfabeti, anaanza na Q, anakwenda W, anakwenda E, bila kukwama. Lakini barua yako ataichapa, na mkato atauweka mahali pake.

Mumewe alipofariki, mdogo wa marehemu, ndiye huyo shemeji, alichukua mashine mbili mpya akafungua duka ng'ambo ya barabara. Akamwachia kompyuta kuukuu ya boksi kubwa la kijivu.

"Hii itakutosha, shemeji. Wewe hukusoma, na yenyewe haina haraka. Mtaelewana."

Hawakuelewana. Asubuhi aliiwasha, akafagia, akapiga deki, akatoka kumuuliza muuza viatu hali ya mgongo wake, akarudi: kiduara bado kinazunguka. Ikifika saa tano ndio kabisa. Ukibonyeza herufi leo, inatokea kesho.

Siku ile ya watu saba, mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa mmoja wao, ameleta mitihani ya muhula. Mashine ikaganda. Shemeji alikuwa akipita, akasimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Jamani, msiilaumu mashine," alisema. "Mashine inamjua mjinga. Ikiguswa na asiyesoma, inagoma."

Watu walicheka. Wanne wakamfuata ng'ambo. Mwalimu mkuu hakucheka, ila naye alikuwa na ya kwake.

"Mama Pacha, nakupa mpaka Ijumaa asubuhi. Ikishindikana, kazi zote za shule zitahamia kwa shemeji yako. Usinichukie, mama."

Kazi za shule ndizo zilizoshikilia duka. Zikiondoka, mlango unafungwa.

Jumatano alimwita Fundi Baridi. Jina alilipata kwa kutengeneza majokofu. Kompyuta zilipoingia, alisema hayo ni majokofu tu yaliyojifunza kusoma, akaanza kuzifungua. Ana desturi moja: hagusi kitu kwanza. Anakaa kitini na kumtazama mwenye mashine akifanya kazi kama anavyofanya kila siku.

Mama Pacha akawasha. Kisha akachukua kitambaa cheupe cha uzi, alichokifuma mwenyewe, akakitandaza juu ya boksi mpaka kikashuka nyuma, akakinyoosha pembe.

"Hicho nini?" Fundi akauliza.

"Kitambaa. Vumbi la barabara hii wewe huliogopi?"

"Unakitoa saa ngapi?"

"Nikitoe nikipeleke wapi?"

Fundi akamwambia asubiri kidogo, kisha aweke kiganja nyuma ya boksi. Aliuondoa mkono kama aliyegusa sufuria jikoni.

"Mgonjwa ana homa, wewe unamfunika blanketi," Fundi alisema. "Hapa ndipo inapotolea joto. Ukipaziba, inapunguza mwendo yenyewe isije ikaungua. Haigomi, maskini. Inajiokoa."

Mama Pacha akakaa chini. Miaka miwili tangu aachiwe mashine, kitambaa alikuwa akikifua kila Jumamosi!

"Basi shemeji kasema kweli. Mjinga ni mimi."

"Mjinga angeniita? Lete brashi."

Boksi lilifunguliwa kizingitini. Feni ilikuwa imevaa vumbi kama sweta. Walipolisafisha na kulirudisha, herufi zilianza kufuata vidole, lakini kuwaka bado kulikuwa kwa mwendo wa kobe. Fundi akafungua orodha ya programu.

"Hizi zote zinaamka pamoja na mashine, na kila moja inataka chai. Zako zipi?"

Mama Pacha alizisoma moja moja, kidole kwenye kioo, bila kusaidiwa.

"Ya kuchapa. Na hii ya printa. Hizi tisa sizijui."

Tisa zote zilikuwa za shemeji, za tangu enzi za marehemu. Diski nayo ilikuwa imejaa pomoni: filamu, mechi za mpira, na video ya harusi ya shemeji mwenyewe, mara tatu.

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. "Kakutwika mzigo wake kichwani, halafu anakucheka unatembea polepole! Nifute?"

Alitamani, Mungu anajua.

"Usifute. Zihamishie kwenye diski nyingine nimpelekee. Sitaki aseme nimemwibia harusi."

Fundi akazizuia zile tisa zisiamke. Kabla ya kuondoka, alitoa mkobani kipande cha memori alichokinyofoa kwenye mashine iliyokufa, akakipachika. Alipoulizwa anataka nini, alisema anataka kitambaa kama kile.

Ijumaa, kabla ya kengele, mitihani ilikuwa mezani kwa mwalimu mkuu. Alipekua kurasa, akapekua tena.

"Ya muhula ujao nitakuletea mapema," alisema.

Mama Pacha huwakumbuka hawa wawili kila anapowasha mashine: mwalimu mkuu aliyempa muda badala ya kicheko, na fundi aliyekaa akatazama kabla ya kuhukumu. Kitambaa cha Fundi alikifuma kwa uzi wa bluu, herufi zimepangwa ukingoni kuanzia Q. Fundi anafunikia redio yake, ikiwa imezimwa. Na ile mashine ya kijivu, ambayo aliitukana miaka miwili, siku hizi anaiaga jioni, anaiacha ipoe, ndipo anaifunika.

Diski alimpelekea shemeji dukani kwake.

"Mizigo yako, shemeji. Ndiyo iliyokuwa inagoma."

Shemeji aliipokea, akaigeuzageuza. "Kumbe ilikuwa humo," alisema, akaita mteja anayefuata.

Wale wanne wamerudi watatu. Fundi alishapata kitambaa chake, na shule ilishapata mitihani yake. Anayedaiwa ni shemeji, na anachodaiwa ni sentensi moja tu: kwamba shemeji yake si mjinga. Aiseme mchana, akiwa amesimama mlangoni pale pale, mbele ya watu wale wale saba.