Swali la Kalekye

Nichekeni, lakini taratibu. Nilikuwa mwalimu wa ngumbaru pale Mbumbuni, nikifundisha akina mama wazima kusoma, na inspekta alikuwa anakuja kuamua kama nitaajiriwa kabisa.

Somo la siku hiyo lilikuwa kitenzi cha Kiingereza, "get". Kitenzi hicho kina kazi nyingi kuliko punda wa Mbooni: kupata maji, kuzeeka, kushuka basi, kufika nyumbani. Hata mimi kilikuwa kinanitoa jasho. Basi nikagawa: kila mama sentensi yake moja, aikariri wiki nzima.

Inspekta alipokuja, nilimwuliza kila mmoja swali lake, wakajibu kama redio. Akatabasamu. Mimi nikajiona nimeshavaa tai ya serikali.

Kisha akamgeukia Susu Mutheu, bibi aliyeketi mbele kabisa.

"Na wewe mama, 'nimefika nyumbani' utasemaje kwa Kiingereza?"

Susu akamtazama kwa huruma.

"Hilo ni la Kalekye, na leo ameenda kliniki. Langu ni la maji, na nimeshajibu." Akanigeukia. "Mwalimu, kwani huyu mgeni hukumwambia vile tulipanga?"