Kitambaa Cheupe cha Ijumaa

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka sitaisahau. Nilikuwa msichana wa kazi kwa Waingereza huko Al Mankhool, Dubai. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, na kwa haya nilishindwa hata kuomba chumvi. Mama yake madam, bibi kizee aliyekuja kukaa nao, alikuwa na jambo moja lililonishinda: kila Ijumaa asubuhi alianika kitambaa cheupe, kikavu, kwenye roshani. Huko ukianika nguo roshani unatozwa faini, basi mimi nilikianua, nikakipiga pasi, nikakirudisha kabatini. Nikigeuka, kiko nje tena.

Nami nilikuwa na langu. Rozari niliilaza ndani ya soksi, na ishara ya msalaba niliifanya nikijidai najikuna. Huko Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko, na Wakatoliki walikwenda Misa siku hiyo. Nilitamani kwenda mpaka nikaota nyimbo za kwetu Taita, lakini nilidhani nikiomba ruhusa nitafukuzwa kazi.

Siku hiyo bibi alinikuta nakianua.

"Wewe, unanifukuzia padri!"

"Padri yupi, madam mkubwa?"

Alicheka mpaka akashika kiti. Akanieleza kwamba zamani sana, kwao, Misa ilipigwa marufuku, na padri akikamatwa aliuawa. Wazee wake, watu wa jumba na mashamba, walimficha padri kwenye kijichumba nyuma ya meko. Shuka jeupe likianikwa uani, Wakatoliki wa jirani walijua leo kuna Misa. Hatari ilikwisha, ila wanawake wa ukoo wake hawakuacha kuanika.

"Nawe unajikuna sana kabla ya kula," akasema. "Paji, kifua, bega, bega. Upele gani huo?"

Nikainamisha kichwa.

"Binti, wazee wangu walinyamaza ili mtu asife. Wewe ukiomba ruhusa, atakufa nani?"

"Hakuna, madam."

"Basi omba."

Nikamwomba ruhusa ya kwenda Misa. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga, lakini ilitoka.

"Yalla, haya twende, vaa viatu!" bibi akasema. Tukaenda Misa pamoja, ameegemea mkono wangu. Tangu hapo kitambaa nilikitundika mimi, ndani ya dirisha, faini isitukute.

Mficha uchi hazai, mwanangu. Siri inayomlinda mwenzio itunze hata ikikuchoma. Lakini ukificha jema kwa haya tu, jiulize: atakufa nani? Kisha fungua kinywa. Mungu akupe sauti, hata iwe ya kifaranga, na akukutanishe na mwenye sikio la kuisikia.