Jiaozi Mia Mbili Roshani

Luan Guilian ameendesha basi la abiria mjini Harbin miaka ishirini na miwili, na barabara za barafu zimemwachia tabia moja mbaya: haamini kwamba jambo limeisha salama mpaka alishike kwa mkono. Kwa hiyo familia ilipotua kisiwani Hainan siku tatu kabla ya mwaka mpya, watu wote wakisukumana vyooni uwanja wa ndege kuvua suruali za ndani za sufu, yeye hakuona minazi wala bahari. Alikuwa anautazama mkono wa mama yake, kama utajua kifungo kipi kinafunguliwa kwanza.

Mama huyo, Bi Chi Fengxian, alikuwa na miaka sabini na sita. Alisokota kitani kiwandani miaka thelathini na mmoja, akamzika mume, na hakuwahi kuomba ruhusa ya mtu yeyote kufanya lolote. Lakini vuli ile alimwita Guilian "Fengqin" mara mbili, na siku moja aliunguza sufuria mpaka moshi ukafika ngazini. Fengqin alikuwa dada yake mkubwa. Naye alianza hivyohivyo, kwa sufuria na majina, akaishia kutomjua mwanawe wa kumzaa. Guilian hakumwambia mtu. Aliogopa tu, kimyakimya, kila siku.

Safari yenyewe daktari aliishauri kwa ajili ya kifua cha Mama, na kifua kweli kilitii. Siku ya pili kikohozi kilikuwa kimekatika. Walipanga fleti ghorofa ya tatu, mtaa uliojaa watu wa kwao waliokimbia baridi, hata papai unalinunua kwa matusi ya Harbin.

Asubuhi ya mkesha wa mwaka mpya, Guilian na mumewe, Shao Dewei, walishuka pwani. Mama alikataa kwenda.

"Nani atatengeneza jiaozi? Samaki?"

Walipopanda tena saa sita mchana, jikoni kulikuwa safi, unga umefutwa, na Mama anasinzia kwenye kiti. Guilian akafungua friza. Tupu. Akafungua mlango wa roshani, akakuta sinia nne zimepangwa sakafuni juani. Jiaozi mia mbili, vifuko vya unga vilivyojaa nyama na kabeji chachu, zilikuwa zimelegea na kushikana donge moja, na nzi wamekwisha kukaribishana.

Mama alikuja nyuma yake akachungulia.

"Nilizitoa zigande," alisema. Kisha akarudi ndani bila kumtazama mtu. Hilo ndilo lililomkata Guilian maini.

"Mazoea tu hayo," Dewei alimwambia chumbani. "Kwetu nani anatumia friza? Ukiziweka roshani, baada ya saa moja zinagonga kama kokoto. Miaka sabini anafanya hivyo!"

"Dewei, joto lote hili! Alitoka jasho akizibeba, na bado hakujua yuko wapi. Mara nne! Sinia nne!"

"Punguza sauti, mke wangu."

"Tukirudi nampeleka hospitali wampime kichwa. Na wewe usinizuie."

Alipotoka, Mama alikuwa ameshatupa zile zilizoharibika na kukanda unga mwingine. Guilian akajifunga aproni, akakaa mkabala naye. Mmoja akisukuma, mwingine akijaza. Haikupita dakika tano akaanza maswali yake.

"Mama, kiwandani ulianza mwaka gani?"

"Mwaka nilioanza."

"Na yule msimamizi mwenye jicho moja, aliitwa nani?"

"Wee Guilian, umeniona mwizi? Bana kingo vizuri, hiyo itapasukia sufuriani."

Guilian akabana kingo. Machozi yalimlenga, akayameza. Sinia ya kwanza ilipojaa alinyanyuka nayo, akasukuma mlango kwa kiuno, akainama akaiweka sakafuni, akaifunika kitambaa. Aliporudi ndani akaufunga mlango kwa nguvu, baridi isiingie.

Mama alikuwa anamwangalia, pini ya kusukumia unga imesimama hewani.

"Umeipeleka wapi?"

"Nje, zigande."

Kisha Dewei, aliyelala kochini, akaanza kutetemeka mabega, na alipopaza kicheko nadhani walimsikia hadi ghorofa ya kwanza. Guilian alisimama na mikono yake ya unga, uso unamwaka. Akautazama mlango. Akamtazama mama yake.

"Mama," alisema, "nimefunga mlango ili tusipate baridi."

"Nimeona, mwanangu."

Akakaa chini hapohapo jikoni, akicheka na kulia, hata mwenyewe hakujua kipi kilitangulia. Bi Chi naye akajishusha taratibu akakaa karibu yake.

"Tangu mchana najitajia majina ya wenzangu wa zamu ya asubuhi," alisema kwa sauti ndogo. "Nimefika arobaini na mmoja. Wa arobaini na mbili ndiye aliyenitoka, na huyo hata zamani nilikuwa simpendi." Akafuta macho kwa kiwiko. "Niliogopa, Guilian. Niliogopa sana."

"Na ile kuniita Fengqin?"

"Unanuna kama yeye! Tangu vuli umeninunia, unanifuata nyuma mpaka chooni, sufuria niikumbuke saa ngapi?"

Guilian akajifuta machozi kwa aproni.

"Na hospitali nilikusikia. Twende, sina neno. Ila waanze na wewe. Mimi ziliharibika nikiwa peke yangu, wewe umezipeleka ukiwa umekwisha kuonywa."

"Zimeanza kulegea!" Dewei alipiga kelele kutoka roshani, sinia mkononi.

"Teleka maji," Bi Chi akaamuru. "Tunakula sasa hivi."

Mkesha huo walikula jiaozi saa tisa mchana, jua kali, madirisha wazi, kinyume cha desturi yote ya kuzila usiku wa manane. Guilian alikula mpaka akafungua kifungo cha suruali, kisha akajilaza ubavuni mwa mama yake. Mama akamuuliza kama siki imebaki, lakini Guilian alikuwa amekwisha kulala.