Pikapu Iliyokataa Kwenda Tupu

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na jino lenye adabu za ugenini. Nyumbani lilimliza kutwa, akashika shavu, akakataa uji, akamtukana kila apitaye. Akifikishwa mbele ya mtu wa kumtibu, jino kimya. Alipelekwa zahanati kwa miguu, siku hizo Mwingereza bado yupo, dresa, yule mtibu msaidizi wa zahanati, akamwambia aonyeshe linalouma. Bibi akapapasa kwa ulimi, halioni. Basi dresa akang'oa lile alilolidhania yeye, wakashika njia ya kurudi, na walipovuka kijito tu lile lenyewe likaanza kilio chake. Matusi ya Kimatumbi aliyoyatoa bibi pale kijitoni siyaandiki, maana wajukuu wanasoma.

Mara ya pili hakukubali kudanganywa na jino. Alifunga kipande cha kopa kwenye pindo la kanga, muhogo mkavu ule ambao hata kinu huuheshimu. Alipofika kwa dresa akakitafuna upande huu, akahamia upande ule, jino kwa jino, mpaka akaruka. "Huyu hapa! Mshike kabla hajalala!" Likang'olewa. Bibi akaishi mpaka akauona Uhuru, na nyama ya siku hiyo aliila kwa meno yaliyobaki, na tuliokaa naye sinia moja tulikoma.

Lakini nilikaa nieleze habari ya pikapu.

Ilikuwa ya shamba la mkonge. Wenyewe walipoondoka waliiacha juu ya mawe, na tulipohamia kijiji cha ujamaa, njia ya Njinjo, tukapewa sisi. Mimi nikafanywa dereva kwa sababu nilipata kuwa utingo wa lori, na wenzangu hawakupata kuwa hata hicho. Ilikuwa kuukuu, mlango mmoja unafungwa kwa kamba, lakini msiojua mtauliza gari bovu lina faida gani. Kabla yake korosho tulizipeleka Masoko kichwani, na mgonjwa alibebwa juu ya kitanda chake mwenyewe. Mke wangu alibebwa hivyo akiwa na uchungu wa kifungua mimba wetu, kitanda kikavunjika mguu katikati ya njia, akajifungulia mchangani. Mtoto alitoka mzima, leo ana mvi, lakini mama yake mpaka anakufa hakupenda kuiona njia ile. Kwa hiyo mimi pikapu ile sikuiona kuwa bati na magurudumu tu.

Sasa, masika mamoja maji yakawa yanaingia kila mahali, kutu imeitoboa kama chekecheke. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa fundi wa mashua, mzaliwa wa Kisiwani. Alimfuata mke huku bara, na mikono ikawa inamwasha kwa kukosa mbao. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia, "Fundi, chombo ni chombo, kizibe." Shemeji akaifanyia pikapu kazi kama anaishusha baharini. Kila tundu alilitia pamba iliyolowa mafuta ya papa, akaigongomea ndani kwa patasi, juu akapaka shahamu na chokaa. Ilinuka, Mungu anisamehe. Lakini tone la maji halikuingia tena, na watu wakamsifu mpaka akaanza kutembea taratibu.

Baada ya hapo ndipo yakaanza maradhi ya umeme. Unazungusha ufunguo, stata haiitiki, honi haitoi hata pumzi, taa hakuna, kama umeshika ufunguo wa nyumba ya jirani. Unashuka, unapiga boneti teke, unarudi, mara nyingine inawaka yenyewe. Fundi wa magari akaja kutoka Masoko. Tukampokea kijiji kizima, nusu yetu tumekaa nyuma ya pikapu kama kawaida yetu, akagusa ufunguo, ikanguruma. Akapewa uji, akacheka, akaenda zake. Kesho yake niko peke yangu porini, natoka kushusha mzigo, kimya. Nikalala humo na mbu.

Nilibadili fyuzi. Nilikwangua vichwa vya betri. Nilifuata waya mmoja mmoja kwa vidole kama mtu anayevuta uradi, na kila nilikogusa palikuwa pazima. Wengine wakasema ni pepo wa mkonge anataka kwao. Mwenyekiti yeye alikuwa na neno lake, akalisema hata mkutanoni. "Angalieni, ikijaa watu inakwenda, akipanda mmoja peke yake inagoma. Pikapu hii imeielewa siasa ya ujamaa kuwashinda ninyi!" Tukacheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, na jawabu lilikuwa humo humo kwenye kicheko.

Wilayani wakachoka nasi. Wakasema pikapu itahamishiwa kijiji kingine, upande wa Mitole, kwa watu wanaojua kutunza mali ya umma. Asubuhi ya kuichukua akaja bwana wa wilaya na gari lake, ndani yake ameketi dereva wa hicho kijiji, kijana mrefu, amejitia mafuta ya nywele. Amekuja na mto wa kukalia, umeshonwa kwa kitambaa chekundu. Hakuuliza hali. Akafungua ile kamba ya mlango, akauweka mto kwenye kiti changu, akaukalia.

"Shikamoo, ndugu dereva," dada yangu akamwambia kwa kejeli, maana alikuwa mkubwa kwake kwa mbali.

"Marahaba," akajibu bila haya. Wanawake wakaguna.

Mwenyekiti akaomba. "Ndugu, mbona gari hili ni zima? Mwacheni dereva wetu aliwashe muone." Watu walikuwa wamejaa nyuma, wamegoma kushuka. Yule kijana akasogea na mto wake, nikawasha, ikawaka. Vigelegele.

"Hebu zima," yule akasema. "Na hao washuke. Mimi sikuja kubeba harusi."

Wakashuka. Nikazungusha ufunguo. Kimya.

Bwana wa wilaya akakunjua mikono kama mtu aliyemaliza kunawa. "Basi, ndugu zangu. Itafungwa kamba, ivutwe." Nikamwona mke wangu amesimama pembeni, ameshika kiuno, haangalii pikapu, anaangalia njia.

Sijui bibi alinijiaje saa ile. Nilisikia tu, mshike kabla hajalala. Mimi siku zote nilikuwa nautafuta ugonjwa wakati umekwisha kuondoka. Ilitakiwa niutafunie kopa.

"Ndugu, naomba kidogo tu kabla ya kamba," nikamwambia bwana wa wilaya. Nikamwita shemeji, kwa sababu ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote. "Shemeji, panda nyuma. Tembea. Kanyaga kwa nguvu."

"Nicheze ngoma?"

"Cheza!"

Nikabonyeza honi, nikakaza kidole. Akakanyaga nyuma kabisa, kimya. Akaenda kushoto, kimya. Akaja mbele kulia, karibu na mgongo wangu, honi ikalia paaa! Akaondoa mguu, ikakata. Akarudisha, ikalia.

"Hapo! Ruka hapo!"

Akaruka. Paa! Paa! Paa! Watu wakaanza kumpigia makofi, na dada yangu akapaza sauti, "Mume wangu, leo umekuwa honi!" Hata bwana wa wilaya akauma midomo asicheke. Yule wa mto peke yake ndiye hakucheka.

Nikaingia chini ya gari na spana. Betri ya pikapu ile ilikaa chini ya kiti, na kutoka kwake kuna waya mnene mweusi uliofungwa kwa bolti kwenye boriti inayobeba sanduku la nyuma. Hapo ndipo umeme wote unaporudia kwao. Waya niliushika mara nyingi, ulikuwa umekaza. Lakini bolti yenyewe sikuwahi kuifungua. Nikaifungua. Nikaona pamba imeizunguka, nikaivuta. Ikatoka ndefu, nyeusi, inanuka papa.

"Shemeji! Hii nini?"

Akainama, akaitazama kama mtu anayemtambua mwanawe. "Pamba yangu hiyo."

"Kwenye waya wa umeme?"

"Msumari hauendi uchi, shemeji! Kisiwani msumari usiovaa pamba ni mlango wa bahari. Nilifungua, nikauvisha, nikafunga."

Basi ndiyo siri. Umeme ulikuwa umezibwa usivuje! Watu wakijaa, uzito wao unaibana boriti, chuma kinagusa chuma kidogo, umeme unapita. Wakishuka, inabaki pamba na mafuta. Mwenyekiti alisema kweli, na pepo wa mkonge alisingiziwa.

Nikakwangua kwa kisu mpaka chuma kikang'aa kama sarafu, nikakaza bolti uchi, shemeji akageuza uso asione. Nikatoka, vumbi mpaka kwenye kope.

"Hakuna anayepanda," nikasema. "Hata kuku."

Yule kijana alikuwa bado juu ya mto wake. "Na wewe, ndugu," nikamwambia.

Akashuka, mto kaushika mkononi. Nikazungusha ufunguo na ikanguruma kabla sijamaliza kuuzungusha. Nikawasha taa mchana kweupe, nikapiga honi, nikalizunguka nayo ghala letu la korosho, peke yangu, tupu, inaruka kwenye mashimo kama mbuzi na haizimi. Mke wangu ndiye aliyeanza vigelegele, wengine wakamfuata. Mwenyekiti akampa bwana wa wilaya mkono kabla hajapewa.

"Naona inafaa ibaki," bwana wa wilaya akasema, na sasa akacheka waziwazi. Akageuka kumtafuta kijana wake waondoke.

Kijana alikuwa ameshaanza kwenda. Kwa miguu, ameshika njia ya Mitole, mto mwekundu ameuweka kichwani kama mtungi.

"Ewe, dereva! Gari hili hapa, panda!"

Hakugeuka. Mto ukaenda ukizidi kuwa mdogo njiani, ukapita mikorosho ya mwisho, ukapotea. Huku kwetu hakukanyaga tena.